Hedi Mpya, Bloki ya Mzae

Jumamosi jioni Kitengela, simama tu kando ya Namanga Road. Nganya za 110 zinashusha watu wa kutoka tao, Probox zinasaka abiria wa Isinya na Kajiado, bodaboda zinajipenyeza penye hakuna nafasi. Halafu mara moja moja kunapita Corolla fulani imechoka rangi, bampa imeshikwa na waya, na hakuna msee anaitambua mpaka dere akanyagie. Hapo ndio base yote hugeuza shingo. Hiyo sauti si ya Corolla ya kupeleka watoi shule. Chini ya boneti bloki ni ya kitambo, lakini hedi imetoka kwa injini ingine kabisa, tena mpya kuishinda.

Hii kitu mtaani imekuwa form. Msee akiwa na ndai ya miaka ya 90 na doo kidogo ya kuchezea, stori ya kwanza anakupea ni ya hedi. Noma ni venye nusu ya hizo stori ni za jaba. Mtu anakushow "itakaa tu, buda," ju alicheki video ya Mjapani akiwa kwa keja usiku. Kukaa, sawa, inaweza kaa. Hata kuwaka inaweza waka. Lakini itakufikisha Namanga na ikurudishe, ama utavutwa na kamba kutoka Bissil watu wakikuchapa mapicha? Hiyo ndio hesabu tunataka kupiga hapa, polepole, bila kelele ya base.

Ju ya nini hedi na si injini yote?

Tuwekane rada kwanza. Injini iko na nusu mbili. Chini ni bloki, penye pistoni hupanda na kushuka. Juu ni hedi, penye kuna valvu, kamshafti na plagi. Katikati kuna gasketi, inazuia moto, maji na oili zisiingiliane. Nguvu hutokea chini, lakini venye injini inapumua huamuliwa juu. Ndio maana msee akitaka nguvu bila kununua ndai ingine, macho huenda kwa hedi.

Njia ya mkato ni kutoa injini nzima uweke ingine. Shida, hapo sirkal inaingia. Logbook imeandikwa namba ya injini, na hiyo namba imechapwa kwa bloki. Ukibadilisha injini lazima urudi NTSA, rekodi ibadilishwe, na ukuwe na karatasi safi za penye uliitoa. Ukibadilisha hedi peke yake, bloki inabaki, namba inabaki, na logbook inaendelea kusema ukweli. Karao akiinama kusoma namba, inashikana.

Halafu kuna soko. Kenya hairuhusu uingize gari yenye imepitisha miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza. Kwa hivyo zile Toyota tamu za miaka ya 90 haziwezi kuja tena zikiwa nzima. Zenye ziko ndio hizo. Spea zake unazisaka Grogan, pale Kirinyaga Road, ama unaulizia msee ako na injini ya ex-Japan imelala kwa stoo. Kuna siku unapata hedi safi, bloki yake ilishapasuka. Na wewe nyumbani uko na bloki nzima yenye hedi ilichemka ikapinda. Hapo akili huanza kuzunguka yenyewe.

Na ya mwisho ni watengenezaji wenyewe. Kampuni ikipata bloki poa haiitupi. Inaishikilia miaka mingi na kubadilisha kenye kiko juu: inaongeza valvu, inapanua njia za hewa, inaweka viti vya valvu vya chuma ngumu. Ukipata hedi na bloki za familia moja, na tundu za pistoni ziko upana sawa, kuna chansi kubwa bolti zitaingia. Chansi, nimesema. Ni ka kununua kiatu cha mtush: luku inaweza kuwa moto, lakini size haidanganyi mtu.

7A na 20V, ndoto ya wasee wa Corolla

Hapa ndio stori nyingi za base huishia. Toyota ilikuwa na familia ya injini inaitwa A. Ndani yake kuna 4A ya sisi 1,587 na 7A ya sisi 1,762. 7A-FE unaipata kwa Carina, Caldina na zile Premio tunaita nyoka, hizo za 1800. Ni injini ya adabu. Haina fujo, mafuta inakunywa kiasi, na nguvu zake ni ka 115 hadi 120 za farasi. Hedi yake valvu zimesimama karibu karibu, ju iliundwa kusevu mafuta.

Upande ule mwingine kuna 4A-GE. Ilianza 1983 kwa AE86, ile Corolla ya drifti yenye kila mtoi ashaiona kwa katuni za Kijapani. Mwaka wa 1991 ikapewa hedi ya valvu 20, tano kwa kila silinda: tatu za kuingiza hewa, mbili za kutoa moshi. Hiyo ya kwanza kifuniko chake ni rangi ya fedha, wasee wanaiita Silvertop, nguvu 160. 1995 ikaja ya kifuniko cheusi, Blacktop, nguvu 165. Na kila silinda imepewa mdomo wake wa kuvuta hewa. Ile sauti ya kugeuza shingo hutoka hapo.

Sasa cheki. 4A na 7A zote tundu ya pistoni ni milimita 81. Tofauti ni safari: pistoni ya 4A inasafiri milimita 77, ya 7A inasafiri 85.5. Mafundi wakajiuliza, hedi ya 4A-GE ikikaa juu ya bloki ya 7A, si unapata pumzi ya moja na ukubwa wa ingine? Toyota haikuwahi kuuza injini ka hiyo. Wasee wa gereji huko duniani waliiunda wenyewe na wakaipea jina, 7A-GE.

Na inawezekana, kweli. Lakini kuna vitu nne hazishikani, na ukiskia msee anabonga hii project bila kuzitaja, jua hajawahi fungua moja.

Kwanza, bloki ya 7A ni ndefu kushinda ya 4A, ju pistoni yake inasafiri mbali. Hedi inakaa juu zaidi, so mkanda wa taiming wa 4A-GE haufiki. Unatafuta mrefu, wenye meno zake zinalingana na gia.

Pili, pistoni za 7A-FE zilichongwa zikutane na valvu nne. Za 20V ni tano na zinakuja na pembe ingine. Ukizungusha bila kupima, valvu inaweza busu pistoni, na hiyo ni busu ya kulipiwa.

Tatu ni hesabu, na hapa ndio wengi huhepa. Silinda moja ya 4A inabeba sisi ka 397. Silvertop inakandamiza 10.5 kwa 1, maana yake pistoni ikifika juu kabisa inabakisha nafasi ya sisi ka 42. Sasa tuseme hiyo nafasi ibaki vile ilikuwa, lakini chini kuna 7A, yenye silinda yake inabeba 440. Jumlisha 440 na 42, gawa kwa 42. Unapata ka 11.5 kwa 1. Hujagusa kitu na umeshapandisha presha. Petroli ya kawaida ya pampu itaanza kujilipukia kabla ya saa yake, utaskia ile tiki-tiki ukipanda mlima na mzigo, na hiyo tiki-tiki ni pistoni inachimbwa. Kwa hivyo kabla ufunge, hiyo nafasi inapimwa kwa sindano ya daktari na kioo juu ya chemba, sisi kwa sisi. Macho hayapimi sisi.

Nne, konrodi. Za 7A-FE ziliundwa kwa mtu wa kwenda church na kurudi. 20V inataka kuzunguka mpaka 7,000 na kitu. Ukiacha konrodi za kitambo, ambia kompyuta ikate mapema, ama siku moja konrodi itatoka kwa ukuta wa bloki kukusalimia.

Kuna kitu moja inatusaidia huku. Kitengela iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, so injini haina tabo inajaza silinda kidogo kuliko ikiwa Kosti, na presha ya ndani inashuka. Ndio maana injini inaweza kuimba fiti Kitengela na Kajiado, halafu ishuke Mombasa ianze kugonga. Ka uko na form ya kwenda Kosti, usiseti taiming ya huku juu ukadhani umemaliza.

Wazee wa Landi walitutangulia

Kabla tujisifu sana, toka lami uingie ndani Kajiado. Land Rover za Series, zile za springi za majani, zimebeba watu wa Umaasaini tangu enzi za guka: abiria ndani, mbuzi nyuma, unga juu. Nyingi ni petroli ya 2.25, injini yenye ilianza 1958. Bloki ni chuma, hedi ni chuma, na zote zilizoea petroli yenye risasi.

Risasi ilikuwa na kazi moja ya siri. Ilikuwa inaacha utando mwembamba kwa viti vya valvu, vinakuwa na kinga. Lakini ilikuwa sumu, ju inaharibu ubongo wa watoto. Juni 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikutana Dakar zikakubaliana hiyo petroli iishe, na kufika Januari 2006 ilikuwa imetolewa, Kenya ikiwa ndani. 2021 UNEP, yenye makao yake ni Gigiri hapa Nairobi, ikatangaza dunia nzima imemaliza.

Kwa watoi, ushindi mkubwa. Kwa hedi za kitambo, mateso. Viti vya valvu za moshi vinaanza kuchimbika, valvu inazama, ile nafasi ya kuachia rocker inaisha, na mwishowe valvu haifungi poa. Mzae anashangaa mbona Landi asubuhi inakataa kuamka na mlima inalia.

Dawa moja ni kupeleka hedi kwa mashine shop iwekewe viti vya chuma ngumu. Dawa ingine ndio hii yetu. Katikati ya miaka ya 80 Land Rover walitoa petroli ya 2.5. Tundu ya pistoni hawakugusa, ilibaki milimita 90.47. Kenye kilibadilika ni safari, ikatoka 88.9 ikaenda 97. Na hedi ya 2.5 ilikuja na viti ngumu tayari, petroli haina risasi inakunywa bila stress. Kwa hivyo hedi ya 2.5 juu ya bloki ya 2.25 ni mchezo wa wazee, na unajulikana kila mahali penye Landi bado zinakula kazi. Hakuna mtu hupiga hiyo picha aweke stetasi. Msee anafunga, anawasha, anaenda soko ya Bissil na ng'ombe wake.

Hapo kuna funzo. Mzee wa Landi alikuwa na shida kwanza, halafu akatafuta hedi. Sisi mtaani huanza na hedi, halafu tunatafuta shida yenye itasolvi.

Gasketi hufuata tundu kubwa

HiAce za dizeli nazo ziko na yao ya kutufunza. 2L tundu yake ni milimita 92. 3L ni 96. 5L ni 99.5. Zote ni familia moja, na 2L ndio iko na jina mbaya zaidi ya kupasua hedi ikichemka. So kila siku kuna dere anasaka hedi ya ndugu mkubwa.

Chenye hukosewa hapo ni gasketi. Ukishika gasketi ya tundu ndogo uiweke kwa bloki ya tundu kubwa, mdomo wake unachungulia ndani ya silinda. Moto unauramba kila mzunguko. Itaungua, gesi itaingia kwa maji, redieta itaanza kurusha mapovu, na mat itasimama kwa barabara na abiria 14 wakidai doo yao. Gasketi inachaguliwa na tundu kubwa kati ya hizo mbili, bila mjadala.

Siku ya kupima

Sasa cheki venye mtu anajua anafanya. Gereji iko nyuma ya stage, ukuta ni mabati, chini ni murram imelowa oili. Hedi imelala juu ya meza, tumbo juu. Mzae mwenye kazi hataki hata kuskia sifa za injini. Anachukua gasketi mpya, anailaza kwa bloki, anachora kila shimo na kalamu. Halafu anailaza hiyo hiyo kwa hedi. Shimo lenye halikutani na lingine linapigwa alama ya X.

Kijana wa mkono anauliza, "Mzae, hapo si silikoni itaziba?"

Mzae hainui hata kichwa. "Silikoni ni ya dirisha."

Shimo la maji kwa bloki likifunikwa na hedi, wakati mwingine si noma, maji yatapata njia ingine. Lakini shimo la hedi likianguka nje ya gasketi, lazima lichomelewe na kuchongwa upya, ama hiyo hedi itafutiwe mwenyewe. Njia ya oili ndio mbaya zaidi. Bloki hupandisha oili juu kupitia tundu nyembamba. Ikikosana na ya hedi, kamshafti inakauka na kukwaruzika hata kabla ufike Isinya. Ikiwa kubwa kupita, oili inajaa juu, inashindwa kurudi, inateremka kwa valvu na unaanza kutoa moshi wa buluu.

Halafu rula. Chuma iliyonyooka inalazwa mshazari kwa hedi, na fila geji inajaribu kupita chini yake. Kwa hedi za Toyota za familia ya A, kikomo ni milimita 0.05. Ikizidi hapo, hedi inaenda kuskimiwa. Lakini kila ukiskim unakula nafasi ya chemba, so ile hesabu ya presha unairudia, na mkanda wa taiming unalegea kiasi. Bloki nayo inapimwa. Hedi mpya nyingi ni aluminiamu, na aluminiamu ikipata moto hupanuka karibu mara mbili ya chuma. Kila ukiwasha na kuzima, hizo nusu mbili zinasugua gasketi katikati. Gasketi za kisasa za chuma za tabaka kadhaa zinataka uso laini. Bloki ya mzae yenye ilikwanguliwa na bisibisi miaka yote haitazishika.

Mwisho inakuja plastisini, ile ya watoi wa nasari. Mzae anabandika donge juu ya pistoni penye valvu zitashuka, anarudisha hedi na gasketi ya zamani, anakaza kidogo, anafunga mkanda, na anazungusha kranki na spana kwa mkono, raundi mbili kamili. Polepole. Ikigoma mahali hailazimishwi. Anafungua tena, anakata plastisini na wembe, anapima penye imebaki nyembamba. Mafundi wengi hawakubali chini ya milimita 1.5 kwa valvu za kuingiza, na za moshi huachiwa ka 2, ju hizo hupata moto zaidi na kurefuka.

Hiyo plastisini ndio tofauti ya fundi na msee wa stori. Doo yake haifiki hata ya chapo na ndondo.

Siku ya kufunga, bolti zinakazwa kuanzia katikati kuenda nje, kwa hatua, na toki renchi, kulingana na kitabu ya injini. Kuna bolti zenye huvutika zikikazwa, na hizo hazirudiwi. Msee akikushow "mkono wangu unajua," ambia huo mkono ulete mandazi.

Maji ya Kitengela na vumbi ya Kajiado

Hii ndio part video ya Mjapani haiwezi kukushow. Kitengela wengi wetu tunaishi na maji ya kisima, na ni ya chumvi. Sabuni inakataa povu, na sufuria ikichemsha inabaki na ukoko mweupe. Hayo maji ndio msee anamwaga kwa redieta bila kufikiria. Chumvi inakula aluminiamu, ukoko unaziba njia nyembamba, na hedi yenye ulinunua na jasho inaoza kutoka ndani. Weka kulanti, ichanganywe na maji safi haina chumvi, na utoe hewa yote kwa mfumo kabla ufunge kifuniko. Hata ukienda kununua hedi, usiangalie mng'ao wa juu. Igeuze, chungulia mashimo ya maji. Ka kingo zimeliwa, wachana nayo, hata muuzaji akuapie na mamake.

Vumbi nayo inasaka wenye wanapenda sauti. 20V iko na midomo minne ya hewa, na wasee hupenda kutoa boksi ya filta ndio isikike mbali. Ukiwa kwa lami ya tao, labda. Ukiingia njia za murram za Kajiado, ile vumbi laini inavutwa moja kwa moja mpaka kwa ukuta wa silinda, na ringi zinaanza kusagwa. Filta inarudi mahali pake. Sauti itapungua, injini itaishi.

Doo, karatasi na shule

Kwa hii project, hedi yenyewe si ndio hukumaliza. Doo inakwisha kwa mashine shop, gasketi, bolti, mkanda, pampu ya maji, thamostati, waya na kompyuta. Kompyuta hasa. Silvertop inapima hewa na mita ya mlango, Blacktop inapima presha. Ukichanganya vipande vya hizo mbili, gari haitajua inakula nini. Kwa hivyo hedi ikuje na waya zake, kompyuta yake na kila kitu kilikuwa kimeishikilia. Ukiwa na doo ya hedi peke yake, hauna project, uko na hedi kwa keja.

Omba risiti ya kila kitu, ju siku karao akiuliza ulitoa wapi, jibu la "kwa msee fulani Grogan" halitoshi. Na bima waambie gari imebadilishwa. Wakijua siku ya ajali, utaskia lugha ingine.

Halafu wewe mwenye unaosha spana kwa gereji, chali ama manzi, usibaki na ujuzi wa mdomo. Kajiado kuna Masai Technical Training Institute. NITA nao wanapima mafundi wenye walisomea kazini na kuwapea cheti cha gredi. Mikono yako inajua tayari, karatasi itakuongezea bei.

Basi, tufunge ama tusifunge?

Landi ya 2.25 yenye viti vya valvu vimeliwa: funga hedi ya 2.5, hiyo haina mjadala. HiAce ya biashara: tafuta hedi yake kabisa, ju mat ikilala siku moja imekula faida. 7A na hedi ya 20V: fanya, lakini ikuwe ndai ya pili, si ile inakupeleka job, na ukuwe na fundi wa kupima presha, plastisini na rula mbele ya macho yako. Fundi akikataa upimaji wowote kati ya hizo tatu, beba hedi yako urudi nayo nyumbani.